Jina Lililokosa wa Kuliitikia

Butiama,
Jumapili, 9 Novemba.

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Naandika nikitumaini kwamba barua hii itakukuta umetoka shambani salama, ule mguu uliojikata kwa jembe umepona, na Mama kikohozi kimempungukia. Wasalimie wote hapo Bugwema wanaouliza habari zangu. Mimi kwa mwili ni mzima, nakula na naingia darasani. Kwa moyo, tangu jana sijui nijieleze vipi, na ndiyo maana nimeiacha simu nikachukua karatasi. Simu ungeikata, Baba. Karatasi hata ukiikasirikia utaikunja, utaitia mfukoni, na kesho utaisoma tena.

Unanifahamu mwanao. Wewe mwenyewe uliwahi kusema kwamba mdomo wangu ukifungwa kwenye mtumbwi, hakuna haja ya injini. Tangu wanafunzi wa kilimo waliponichagua kuwaongoza, mdomo huo haujapumzika. Nimesimama ukumbini nikauliza: sisi ni watu gani, mboga ya mgagani inatuotea mlangoni nasi tunaikanyaga kwenda kununua tambi? Ni nani aliyetufundisha kuuonea haya ugali wa muhogo wa udaga mbele ya wageni? Nimekwenda Musoma, pale Kamunyonge, ambako akina mama wamegeuza jalala kuwa bustani ya jamii, nikawaambia kwamba tuta lao moja linasema kweli kuliko hotuba zangu zote. Mwezi Machi nilihutubia hata juu ya bibi zetu wanaofukuzwa vijijini na kuitwa wachawi kwa sababu ya macho yaliyoiva kwa moshi wa kuni. Ukumbi mzima ulisimama ukanipigia makofi, nami niliyapokea. Nakuomba uyakumbuke makofi hayo, kwa maana nitayarudia.

Jana nilikwenda Bunda pamoja na mwenzangu Revocatus. Nilikuwa nimesikia kwamba nyuma ya kanisa moja kuna bustani ya akina mama wanaotunza mbegu ya mgagani wa zamani, ule wenye bua jekundu, nami nilitaka mbegu hiyo kwa bustani yetu ya chuo. Kiongozi wao, Mama Flora, ni mwanamke mrefu mwenye sauti ya kuita ng'ombe kutoka ng'ambo ya bonde. Alinitazama viatu, akaniuliza kama huo mgagani ninaoujua kwa jina la Kilatini ninajua pia kuuchuma bila kuung'oa. Wenzake waliangua kicheko. Walitupakulia ugali wa mtama, dagaa, na mgagani uliochemshwa ukamiminiwa maziwa hadi uchungu wake ukawa mtamu. Revocatus alipoomba sahani ya tatu, waliulizana kwa sauti kama chuoni tunafunguliwaga Jumapili tu.

Tulipokwisha kunawa, nikatoa bahasha yangu, nikaomba mbegu. Mama Flora aliisukuma ile bahasha pembeni. Alisema mbegu hii haitolewagi mkono kwa mkono kama chenji ya dukani. Anayeipokea huketi chini, na anayeitoa huimba majina ya wote waliowahi kuipokeza, kuanzia wa mbali kabisa hadi yeye mwenyewe, na mwisho kabisa huimbwa jina la anayepokea. Mwenye jina akiwa hai huitika yeye. Akiwa amekufa, huitika mtoto au mjukuu wake aliyepo. Akikosekana wa kuitika, mpiga zeze la litungu hugonga uzi mmoja, na watu hunyamaza mpaka mlio uishe wenyewe. Hapo ndipo mbegu huwa yako.

Nilifurahi, Baba. Naona haya kuliandika neno hilo, lakini nilifurahi. Nilimnong'oneza Revocatus arekodi kwa simu, nikijisemea kwamba hili ndilo nililokuwa nikilitafuta: chakula, muziki na historia katika kibuyu kimoja! Tayari nilikuwa nikiitunga hotuba.

Kisha mpigaji wao, Mzee Ryoba, akaanza kupiga litungu lake, na Mama Flora akaimba jina la kwanza. Niliujua wimbo ule. Sikuwa nimefundishwa popote, sikuwa nimeusikia redioni, lakini kila jina lilipokaribia nililijua kabla halijatamkwa. Likaja jina la kabla ya Mama Flora, na jina hilo lilikuwa Nyangeta wa Bugwema.

Hakuna aliyeitika. Mzee Ryoba akagonga uzi mmoja. Nilikuwa nimeketi pale, mjukuu wake wa damu, mwenye mdomo wa injini, na sikuitika. Mlio ule ulikaa hewani muda mrefu kuliko hotuba yoyote niliyowahi kutoa. Mama Flora alipofika mahali pa kuimba jina langu, nilisimama nikasema naumwa.

Walinipeleka kivulini wakaniletea maji. Nikauliza, kama mtu asiyehusika, huyo Nyangeta alikuwa nani. Mama Flora alisema alikuja miaka kumi na minne iliyopita, bila godoro wala sufuria, ila fundo la mbegu kwenye ncha ya khanga. Wanawe walikuwa wamemfukuza. Alilala kwa Mama Flora, akaianzisha bustani ile kwa matuta mawili, na miaka miwili iliyopita, baada ya mvua za vuli kuanza, akafa kwa kifua. Wamemzika mwisho wa shamba, upande wa michungwa. Alisema pia kwamba hakuwahi kumsikia akiwalaani watu wa kwao. Alichosikitikia ni kimoja tu: mbegu ile alikuwa amekusudia kumpa mjukuu wake, alikuwa ameshaanza kumwimbia, ila mtoto alikimbia kabla hajawekewa mkononi.

Baba, jambo hili hatujawahi kulitamka nyumbani, basi niache nilitamke lote.

Nilikuwa na miaka minane. Mdogo wangu Clever alikuwa amelala ndani na homa, siku ya nne. Mchana ule wa jua kali, Bibi alikuwa peke yake bustanini, akaniita niketi mbele yake. Akafumba macho akaanza kuimba majina ya watu, nami niliyatambua mawili matatu kuwa ya watu waliokufa. Nikakimbia nikaja kwako, nikakwambia Bibi anawaita wafu. Ulikuwa sebuleni na baba wakubwa. Mlinipakata, mkanipa soda, mkaniuliza kama alimtaja Clever. Nikanyamaza. Mkaniuliza tena. Mara ya tatu nikasema ndiyo, alimtaja Clever, mwisho kabisa.

Siku mbili baadaye Clever alikufa. Kadi yake ya zahanati ninayo hapa, imeandikwa malaria kali. Lakini nani aliisoma? Neno la mtoto lilikuwa limeshakuwa hukumu. Kesho yake mliezua nyumba ya Bibi, na nakumbuka kwamba wewe hukushika bati hata moja. Ulisimama tu umewapa mgongo.

Sasa sikia neno ambalo sijamwambia mtu tangu siku ile, si Mama, si padri, si mimi mwenyewe kwa sauti. Bibi hakumtaja Clever. Jina la mwisho aliloliimba lilikuwa Getruda. Nilisikia jina langu nyuma ya majina ya wafu, nikaogopa kwamba ninakufa, na mlipouliza kama ni la Clever nikaona mlango wa kutokea. Nilimpa Clever nafasi yangu. Nilidhani ninalikwepa kaburi, kumbe nilikuwa nikiikimbia mbegu.

Na mimi huyu, Baba, ndiye niliyesimama mwezi Machi kuwashutumu wanaofukuza bibi zao. Makofi yale yote yamerudi, na leo yananipiga usoni.

Sitajitetea kwa umri. Wala sikuandikii ili kukushitaki, ingawa watu wazima watano walimwamini mtoto wa miaka minane kuliko mama yao mzazi, na hilo nalo inabidi tulijibu. Nimekwishamrudia Mama Flora leo asubuhi kwa simu, nikamweleza mimi ni nani na nilifanya nini. Akasema mbegu itatolewa tena Jumamosi ya tarehe 22, nije na mdomo wangu, bahasha niiache.

Nitakwenda. Litakapoimbwa jina la Bibi nitaitika, kisha litaimbwa langu, nami safari hii sitakimbia. Lakini taratibu yao, Baba, humtanguliza mtoto kabla ya mjukuu. Pale mtu wa kwanza kuitika ni wewe. Basi la asubuhi kutoka Musoma linakufikisha Bunda kabla ya saa nne, nami nitakuwa nimesimama stendi. Usipoonekana nitaelewa, na nitaitika peke yangu. Ninachokuomba ni kwamba, uje usije, uwaambie baba wakubwa hapo Bugwema hivi nilivyokuandikia: hakumtaja Clever.

Mpe Mama salamu zangu, na barua hii msomee wewe, usimwachie aisikie kwa jirani. Mungu aulinde mguu wako ufike Bunda.

Ni mimi mwanao, niliyetajwa mwisho,

Getruda Masatu.