Mraba wa Hamsini na Nane

Jumatatu, 9 Juni

Baridi tena. Chaki inavunjikia mkononi. Gredi ya Nne, watoto arobaini na wawili, kuzidisha.

Nikatoa mchezo wetu: vipande sita vya katoni nilivyochora miraba na kuandika majibu, vifuniko vya soda, na dadu za mbao zenye nambari nne hadi tisa. Fundi wa viti pale Kariobangi alizichonga bure. Mungu ambariki yule mtu. Mtoto anarusha dadu mbili, anazidisha, anataja jibu, anafunika mraba wake. Vifuniko vinne vikipangana, ameshinda. Tangu tuanze, mwezi mzima, hakuna anayesinzia. Leo walikataa kutoka nje wakati wa mapumziko.

Hata Achieng ameanza kutaja majibu. Muhula wote wa kwanza sikusikia sauti yake. Lakini leo alirusha, akashika kifuniko, akakataa kukiweka. Kevo akapiga kelele, "Ticha, ako slow, mwambie apite!" Nikamwambia apite. Akainamisha kichwa. Iliniudhi kidogo.

Alhamisi, 12 Juni

Mwalimu mkuu ameniita. Mzazi amelalamika: tunafunza watoto kamari. Dadu darasani! Amefungia mchezo kabatini mwake mpaka wazazi wakutane Ijumaa ijayo. Wakikataa, umekwisha.

Mlalamishi ni nyanya yake Achieng, anayemlea. Nilikasirika sana. Wiki nzima usiku nilichora miraba ile, na hata asante sikuomba.

Ijumaa, 13 Juni

Nimefundisha kwa chaki. Miayo imerudi.

Achieng amenyamaza. Nilimuuliza nne mara tano, rahisi kabisa. Akatazama viatu vyake. Hicho ndicho kimeniuma. Katoni nitachora nyingine. Ile sauti sijui nitaitoa wapi tena.

Jumatatu, 16 Juni

Baada ya shule nilikwenda sokoni anakouza dagaa wa omena huyo nyanya. Njia nzima nilikuwa napanga maneno makali. Niliyapanga vizuri sana.

Akanipangusia ndoo nikae. Akaniambia habari za mwanawe, babake Achieng. Kamari ilimmaliza. Alikuwa akirusha dadu na wenzake sebuleni kwao mtaani Mbotela, mtoto akiwa palepale, na kitu kimoja kimoja kikitoka nyumbani: redio, kitanda, mwishowe mke. Kisha naye akatoka, hajarudi. Sasa mtoto anarudi kutoka shule akisema leo tumerusha dadu.

Yale maneno makali nikayaacha. Nilimwomba kitu kimoja, aje Ijumaa akae na Achieng, aone. Akasema atakuja, ila jibu lake analijua tayari. Akanifungia omena kwenye gazeti, akakataa malipo.

Nimeikaanga na kitunguu. Tamu. Najionea haya.

Alhamisi, 19 Juni

Sina hotuba. Nimeandika tatu, nimechana tatu. Naogopa kesho. Nyanya yule ana haki ya kukataa, na mimi nataka asikatae. Basi.

Ijumaa, 20 Juni

Mkutano. Wazazi thelathini hivi, wengine na aproni za kazi. Sikuhutubia. Mchezo ulipotolewa kabatini, niliwaomba wakae kwenye madawati na watoto wao, wacheze.

Achieng alirusha. Saba na nane. Akashika kifuniko, akaganda, vilevile kama siku ile. Nikajua tumekwisha. Nyanyake akamwambia, "Si uweke, mama."

Achieng akanong'ona kitu. Nyanyake akamwambia aseme watu wasikie. Akasema, akimwita nyanyake kwa Kijaluo, "Dani, ni hamsini na sita. Hapa mwalimu ameandika hamsini na nane."

Nikainama kuangalia. Hamsini na nane. Nilikosea moja nikanakili hivyohivyo kwenye zote sita! Mwezi mzima darasa limekuwa likifunika mraba ule kwa sababu mwalimu ndiye aliandika. Kevo nilimpigia makofi kwa huo mraba. Mtoto mmoja tu alikataa, nami nikamwambia apite.

Wazazi walicheka, mwalimu mkuu akawashinda wote. Nilitamani kuingia chini ya dawati. Nyanyake Achieng hakucheka. Alisimama, akasema, "Kijana wangu kwa kamare hakuwahi kumwambia mtu hesabu si sawa. Huyu anamrekebisha mwalimu. Wacheze. Lakini hizo dadu, mwalimu, toa."

Nikasema nitatoa. Nimelia nikiosha vyombo, kwa furaha.

Jumatatu, 23 Juni

Jua kidogo leo.

Nyanyake Achieng ameleta gorogoro yake kuukuu, mkebe aliokuwa akipimia omena. Tumetia vikaratasi vya nambari ndani, watoto wanachomoa viwili viwili badala ya kurusha. Darasa zima linanuka samaki na hakuna anayejali. Dadu za fundi nimezihifadhi nyumbani. Nitapita kumweleza, na kumshukuru tena.

Nilimpa Achieng kalamu nyekundu. Amesahihisha katoni zote sita, polepole, ulimi nje. Kevo alimshikia.

Kabla ya mchezo niliandika ubaoni sita mara tisa, hamsini na nne. Kisha nikageuka kumtazama yeye kwanza. Akahesabu. Akaitikia kwa kichwa. Nikaendelea.