Hewa Chafu Kwenye Kijiji cha Aketch

Laini Saba, 3 Machi 2025

Baba Aketch,

Habari ya huko Kawangware? Kile kikohozi kimeisha? Mimi niko tu. Naandika kwa simu kwa sababu nikipiga hushiki.

Sikuandikii mambo yetu. Ni ile gemu ya mtoto. Jana niliwasha kompyuta yake mara ya kwanza tangu tumzike. Kile kijiji chake cha chini ya ardhi bado kiko, na watu wake wadogo bado wanachimba. Lakini chumba cha kulala kimejaa hewa chafu, wanaamka wakishika shingo. Wewe ndiye ulikuwa unakaa naye hapo mkicheza. Niambie nifanye nini. Sitaki wafe mikononi mwangu.

Mama Aketch

Kawangware 46, 5 Machi

Mama Aketch,

Kikohozi kimepungua. Natumaini umelala vizuri. Yale mabati ya upande wa jikoni bado yanavuja?

Kwanza simamisha gemu, bonyeza kile kitufe kirefu cha chini. Halafu tafuta chujio, kale kasanduku kanakotenganisha hewa. Kana paipu tatu: moja inaingiza hewa yote, moja inatoa chafu, moja inapeleka safi chumbani. Angalia kama kana stima. Bila stima hakafanyi kazi. Ukipata waya umekatika, uunge.

Baba Aketch

Laini Saba, 9 Machi

Baba Aketch,

Salamu. Mabati yanavuja, nimeweka karai.

Stima iko. Hewa imesimama tu ndani ya paipu, haisongi mbele wala nyuma. Yule mtu ambaye mtoto alimpa jina Dani, vile alikuwa anamwita nyanya yake, mama yako, amelala chini hajaamka. Nililia kama mjinga. Wangeci wa jirani alikuja kuuliza nani amekufa.

Nikuulize kitu. Ile asubuhi hospitalini, kabla sijafika, Aketch alisema nini? Nilikuuliza siku ya mazishi ukatoka nje. Nikauliza tena nyumbani, ukahamia Kawangware.

Mama Aketch

Kawangware 46, 10 Machi

Mama Aketch,

Pole sana kwa Dani.

Fuata paipu ya hewa chafu mpaka mwisho wake. Kama kile chumba inamwagia kimejaa, haiwezi kumwaga tena. Hewa inarudi nyuma, kasanduku kanakwama, na hata ile safi inasimama. Chimba hicho chumba kiwe kikubwa. Halafu ile paipu ya kwenda chumba cha kulala, kama chafu imeingia ndani, ibomoe ujenge upya.

Jaribu hivyo.

Baba Aketch

Laini Saba, 2 Aprili

Baba Aketch,

Natumaini u mzima, nimekaa siku nyingi bila kukuandikia.

Ilikuwa vile ulisema. Nilichimba, nikabomoa paipu, nikajenga. Wamelala vizuri wote waliobaki. Asante.

Sasa sina kitu kingine cha kukuuliza ila kile kimoja. Ukinyamaza tena nitajua hutaki, na sitakusumbua.

Mama Aketch

Kawangware 46, 20 Aprili

Caren,

Nimeandika hii nikafuta mara nyingi.

Homa ilikuwa imempanda sana. Aliniuliza, "Mama amefika?" Nikamwambia uko njiani. Akauliza tena. Nikaona macho yake yanaanza kwenda, nikasema, "Amefika, huyo hapo mlangoni." Nesi alikuwa anaingia na sweta ya kijani kama yako. Aketch akageuza kichwa akamwangalia. Akasema, "Mama, umechelewa."

Hakusema tena kitu.

Hakuwa na hasira, Caren. Sauti yake ilikuwa ya kawaida. Lakini nilijua wewe utabaki na hilo neno moja, na sikuweza kukuletea. Kila ukiniangalia nilikuwa nalisikia.

Baba Aketch

Laini Saba, 22 Aprili

Baba Aketch,

Nimepokea. Jana sikuenda kazini, nilikaa kitandani kwake.

Nikitoka kuuza mboga huko Silanga alikuwa ananiambia hivyo kila jioni. "Mama, umechelewa," halafu ananitua kikapu. Saa hiyo ulikuwa hujaingia nyumbani bado, ndiyo maana hukujua.

Mwaka mzima nilidhani hakuniita.

Lakini nesi ndiye aliangaliwa, na mimi nilikuwa bado niko barabarani nakimbia. Hiyo sijui nitaiweka wapi.

Usirudi sasa. Nikikuona nitakuchukia, na sitaki kukuchukia. Niandikie tu.

Mama Aketch