Programu Nzito ya Mama

Kaka yangu,

Sisi huku wazima, anayeumwa ni kompyuta tu. Ile ndogo ya kutosha kiganjani uliyomtumia mama, niliyoiunganisha na spika za sebuleni, imenitoa jasho mwezi mzima. Nimejaribu programu mbili za kusikilizia muziki. Ya kwanza ni nyepesi, haikwami hata kidogo. Ya pili inaenda vizuri kwenye kompyuta yangu ya kazini, lakini inaichemsha hiyo ndogo mpaka nimeiwekea feni.

Mama kang'ang'ania hiyo ya pili. Nimebishana naye hadi nimechoka.

“Niachie hiyo hiyo,” anasema. “Ile nyingine hainionyeshi mwanangu anasikiliza nini.”

Kumbe kila asubuhi anakutazama humo, maana akaunti yetu ya familia inaonyesha wimbo wa mwisho wa kila mmoja. Ukiweka nyimbo za kuchangamka, anasema jana umekula vizuri.

Kaka, wimbo wako ni ule ule kwa siku ishirini sasa. Simu hupokei. Jana mama aliniuliza kama programu imeganda. Nikamwambia ndiyo, imeganda, nitaitengeneza.

Weka wimbo wowote, hata nusu.

Mdogo wako