Maji ya Matofali

Jumapili, 5 Mei 1974. Korogwe

Ukumbi ulijaa! Akina mama wa UWT walikaa hadi madirishani, wengine wametembea kutoka Mazinde na watoto mgongoni. Nimewafundisha Sheria ya Ndoa kwa Kiswahili kitupu, bila karatasi, na hakuna aliyesinzia. Wanafunzi wangu wa Chuo Kikuu husinzia, tena wao wana viti vya kuegemea.

Nilipofika kwenye kugawana mali nikawasomea: mchango wa fedha, mali au kazi. Kazi! Nikawaambia kuwa kwenye kamati iliyoandaa kijitabu cha maelezo, ni mimi niliyeng'ang'ania kazi ielezwe yote – kulima, kupika, kuchota maji. Mabwana wawili walicheka. Maelezo yamebaki, wao wamehamishwa. Vigelegele! Daftari hili hakuna anayelisoma, basi niseme ukweli: nimevimba kichwa. Acha nivimbe, mtoto wa Kerenge mimi.

Jumatatu, 6 Mei. Kerenge, kwa Mama

Furaha haikudumu. Nimemkuta dada Mwanaidi hapa nyumbani – na sanduku moja na sufuria. Shemeji Mwinjuma amempa talaka, ameoa mwingine, na amemwambia aiache nyumba ya Kabuku kwa kuwa ni yeye Mwinjuma aliyeijenga. Nyumba ya matofali ya kuchoma, bati juu, duka mbele, barabarani kabisa! Ndoa ya miaka kumi na minane. Baraza la usuluhishi limeshindwa, kesi iko Mahakama ya Mwanzo pale pale Kabuku, Jumatatu ijayo.

Dada ndiye aliyekuwa akinibeba kunivusha mto nikienda shule wakati wa masika. Akishanivusha anageuka, anarudi shambani. Yeye hakupelekwa shule.

Nikamwambia, dada, umefika kwa mwenyewe. Akacheka kidogo. Mama akasema tule kwanza, mengine baadaye.

Jumatano, 8 Mei. Kabuku

Nimekwenda kumwona hakimu. Suti ya kijivu, mkoba wa ngozi – nilitaka aone. Kumbe ni Habakuki! Alikuwa kwenye kozi yangu ya mahakimu mwaka juzi, yule wa mbele, mwenye maswali mengi. Akasimama. Shikamoo mwalimu – na amenizidi umri!

Nikamwambia nitamsemea dada yangu. Akatabasamu kwa aibu. Akasema, mwalimu, si wewe mwenyewe uliyetufundisha? Mahakama ya Mwanzo haina wakili. Mwananchi anajisemea, ili mwenye wakili asimmeze asiye naye. Kisha akaniomba tusiongee zaidi habari za kesi hiyo.

Najua! Najua sana, naifundisha kila mwaka. Sijui kwa nini nilidhani sheria ingenipisha kwa kuwa ni mimi. Nilitoka nimenuna. Lakini nilipofika kituo cha basi hasira ilikuwa imegeuka jambo lingine. Mwanafunzi wangu amenizuia kwa somo langu mwenyewe, kwa adabu, na hakuogopa cheo. Nimefundisha vizuri jamani. Vizuri mno, kwa hasara ya dada yangu.

Alhamisi, 9 Mei. Kerenge

Basi, nitamfundisha dada ajisemee. Ushahidi anao tele. Mwaka wa kujenga, kisima cha Kabuku kilikauka – Handeni na shida ya maji, nani hajui! Akawa anatoka jua halijachomoza, anakwenda mtoni, anarudi na debe kichwani, anakwenda tena. Ndiyo maji yaliyokanda udongo, Mwinjuma akafyatua matofali. Na duka lilianza kwa mihogo aliyoilima dada na kuiuza kando ya barabara. Kesi nzuri kuliko hii sijaiona hata vitabuni!

Nikasema, sasa mimi hakimu, simama useme. Akasimama. Akapindapinda ncha ya kanga. Sema, dada! Akasema hawezi.

Kwa nini hawezi? Kwa sababu ni kusimanga. Anasema, nimsimange mtu niliyemzalia? Mbele za watu? Kungwi wake alimfunda akiwa mwali: usimtajie mume uliyomtendea, hata siku ya ugomvi. Mwanamke anayesimanga ameshajivua nguo. Afadhali nyumba iende. Na Mama – mama yangu mzazi! – anatikisa kichwa kukubali.

Nilifoka. Nikasema sheria inataka kusikia, haipigi ramli. Dada akachukua vyombo akaenda kuviosha.

Sasa najisikia vibaya. Tulikaa miezi na miezi kwenye kamati ile. Tukaandika mwanamke alipwe haki ya kazi yake, na hakuna aliyeuliza atawezaje kuitaja. Hata mimi, niliyefundwa na kungwi yule yule.

Ijumaa, 10 Mei

Simu ya maandishi kutoka Dar. Nimeteuliwa kamati ya sheria za vijiji! Mwanamke ni mimi peke yangu. Niripoti Jumanne asubuhi bila kukosa, nafasi inagombewa. Basi litakalonifikisha linapita Kabuku Jumatatu mchana.

Dada amenipikia kisamvu cha nazi kunipongeza. Habari ya kesi hatukuigusa.

Jumamosi, 11 Mei

Nimepata! Nimepata!

Asubuhi jirani alipita kwenda shamba. Jembe letu analo tangu mwezi jana. Mama hakumdai. Akamwuliza tu, kwa upole, kama mtu aliyesahau: hivi lile jembe lililokuwa limeegemea hapa, limekwenda wapi vile? Jirani alirudi mbio, akalileta, akiomba radhi.

Nikamgeukia Mama: hapo umemsimanga? Akashtuka. Nimsimange nini, si nimeuliza?

Nikakimbia kwa dada, karibu nianguke. Dada, kwenye Mahakama ya Mwanzo mdai ana haki ya kumwuliza mdaiwa maswali. Usitaje hata debe moja. Mwulize yeye. Atataja yeye mwenyewe.

Akauliza kama anaruhusiwa kumwita Baba Hamisa, kwa jina la mtoto wao, maana Mwinjuma kwa jina lake hawezi. Nikasema mwite hivyo hivyo. Tumefanya mazoezi hadi giza, mimi nikiwa Mwinjuma, na mara mbili amenibana hadi nikakiri. Mhadhiri mzima! Sijawahi kuwa na mwanafunzi kama huyu. Mama alicheka mpaka akafuta machozi kwa kanga.

Jumatatu, 13 Mei. Kabuku

Naandika magotini, benchi la nyuma. Mkoba wa safari miguuni.

Shemeji amesema vizuri, nisimnyime haki yake. Kofia safi, sauti ya msikitini. Kila tofali alilifyatua kwa mikono yake, bati alinunua mwenyewe, mwanamke alikuwa wa jikoni tu. Habakuki akaandika. Wala hakunitazama. Safi.

Kisha akamwambia dada aulize, kama ana swali.

Dada akasimama. Akajifunga kanga vizuri. Nimesimama mbele ya majaji mimi, sijawahi kuogopa hivi.

Baba Hamisa, udongo wa matofali uliukanda kwa kitu gani?

Kwa maji.

Kisima cha hapa kilikuwa na maji mwaka ule?

Kilikauka.

Sasa maji yalitoka wapi, Baba Hamisa?

Mtoni.

Aliyafuata nani?

Mzee mmoja wa baraza, wa wale wanaoketi na hakimu, akakohoa. Shemeji akasema, chini chini, ulikuwa ukiyafuata wewe. Halafu akajikaza: lakini si yote! Siku nyingine mvua ilinyesha, yapo matofali niliyoyafyatua kwa maji ya mvua.

Hilo hatukulifanyia mazoezi. Nikafumba macho.

Dada akainamisha kichwa, kwa adabu zote. Akasema: nakuomba basi, Baba Hamisa, twende ukanionyeshe hayo ya mvua. Hayo si haki yangu, yatolewe.

Habakuki akaweka kalamu chini. Akanong'onezana na wazee. Mahakama inahamia kwenye nyumba, ikaone.

Baadaye kidogo

Tuko mbele ya nyumba. Naandika nimesimama. Kabuku nzima imekuja, hata wauza machungwa wa barabarani wameacha makapu. Basi la Dar limesimama, kondakta ananiita, mwalimu, mwalimu, unatuchelewesha! Nimempungia mkono aende. Limekwenda. Kesho watasema mwanamke pekee hakufika, na nafasi inagombewa. Watasema. Mimi siondoki hapa.

Hakimu amemwambia shemeji aonyeshe. Dada amesimama pembeni, macho chini.

Shemeji ameanzia kwenye kona ya duka. Akapita dirisha la kwanza. La pili. Amefika mlangoni, akarudi. Sasa amesimama katikati, kofia ameivua. Mkono ameunyoosha kuelekea ukutani. Upo hewani bado. Haujagusa tofali lolote.