Maua ya Soli ya Ephantus

Zeinab, nataka ardhi inimeze! Shosho Warigia, nyanya yangu, ameangua kicheko kwa mazishi ya Mzee Ephantus. Kicheko cha kushika mbavu, mbele ya jeneza!

Pasta alikuwa amesema tu, "Alilikagua shamba letu lote kwa miguu yake."

Kwa miguu yake!

Nikamvuta Shosho nyuma ya hema, akanieleza. Mwaka wa sabini yeye na Ephantus walikuwa kwa kikundi kimoja hapa Eldoret, wakitaka kununua shamba la mzungu kule Burnt Forest. Huyo Ephantus, bwana maringo, akatangulia kulikagua. Wenzake walivaa akala za tairi, zinashika matope vizuri. Yeye alimwambia fundi amchongee maua ya waridi kwa soli za viatu vyake, ati akipita watu wajue ni nani amepita. Waridi, Zeinab! Kwa soli!

Akarudi akaapa amezunguka shamba lote hadi mtoni, na udongo ni mzuri ajabu.

Kesho yake Shosho na wengine wakaenda kujionea. Matope yalikuwa yamehifadhi kila waridi. Maua yalianzia pale alipoegesha gari, yakapanda hadi baraza ya mzungu, yakarudi kwa gari. Basi! Kule mtoni hakukuwa na hata ua moja. Ni kinamasi kitupu.

Shosho akamwambia mbele ya wote, "Ephantus, maua yako yaliota hadi kwa chai ya mzungu, yakanyauka."

Na unajua walichofanya? Wakanunua, wakamchagua mwenyekiti. Kinamasi akagawiwa Shosho.