Moshi wa Kibuyu Chako

Mama,

Leo nimechoma kipande cha mwisho cha mti wako wa kufukizia vibuyu vya maziwa. Usinikasirikie kabla sijamaliza kukueleza. Najua ulivyokitunza. Ulikuwa unachoma ncha tu, unaizima kwenye jivu, unakirudisha darini, na mimi nikikichezea unanichapa mkono kidogo huku unacheka.

Mambo yamebadilika tangu tukuzike. Kaburi lako liko shamba la zamani, na huko hatuendi ila kwa pasi, kile cheti cha ruhusa. Serikali ilituhamishia kijijini kwa sababu ya vita vya msituni. Nyumba zimebanana hata namsikia jirani Rahabu akikoroga uji wake. Kuna handaki tulilolichimba wenyewe, na miti iliyochongwa ncha ndani yake, na lango ni moja. Ng'ombe walichukuliwa. Kibuyu chako nilikitundika ukutani, kikavu.

Lakini chama cha kina mama bado kipo, Mama, na hatukuusahau mkutano wako. Uliniambia ukiwa kitandani, sauti inakatika: "Kagendo, kila mmoja aje na harufu ya nyumbani kwake. Msome habari za yule mwanamke aliyemmiminia Bwana marhamu. Halafu mnuse, mshukuru." Ulisema hata aliye maskini kabisa hakosi harufu ya nyumbani. Hukujua kwamba nyumbani penyewe patabomolewa.

Nilikwenda kwa chifu kuomba ruhusa. Alicheka mpaka akavua kofia. "Kina mama mnakusanyika kunusa majani? Basi chukueni na mbuzi wangu, nao ni Wakristo." Akatoa ruhusa, ila kwa sharti: Sajini M'Ikiara akae mlangoni.

Unamkumbuka M'Ikiara. Ulimfundisha kusoma chini ya paa la jikoni, na kwa kuwa alikuwa anakuja na njaa ulimmiminia maziwa kwanza, ndipo ukafungua kitabu. Sasa ni homgadi, askari wa serikali wa kulinda kijiji. Anabeba bunduki, na langoni ananusa nguo za wanawake. Ndiyo, Mama, ananusa. Humu kijijini tunapikia magunzi na mabua. Ule mti wa kufukizia vibuyu umebaki msituni tu, na watu wa msituni ndio wanaouwasha, maana unashika moto hata ukiwa mbichi. Mwanamke akiwa na moshi huo kwenye shuka, wanasema amewapelekea chakula. Marita wa chama chetu alichukuliwa hivyo. Hajarudi.

Na wiki ya mkutano, tukiwa tumepiga magoti katika maombi, Salome alikuwa kando yangu. Rafiki yako Salome, aliyekuosha nywele ulipokuwa huwezi kuinua kichwa. Niliposema amina nikavuta pumzi, nikausikia ule moshi.

Aliniona. Tulipotoka alinishika kiwiko, akasema taratibu, "Ana homa, Kagendo. Mwanangu ana homa, na huko msituni hana blanketi." Alikuwa amelifua lile shuka kwa majivu na kwa sabuni, na harufu haikutoka. Shuka jingine hana. "Nisipokuja mkutanoni watauliza niko wapi. Nikija, nitapita mbele ya pua ya Sajini."

Sikulala vizuri. Kuahirisha hatukuweza, chifu angetaka sababu. Nilimweleza Rahabu peke yake, kwa kuwa unajua kinywa chake ni kikubwa kwenye mzaha lakini siri anaitunza. Akataka tumpake Salome marashi, yale kidogo uliyopewa na Bi Halima wa Majengo. Nikamwambia, "Mjane anayechimba handaki anukie kama bibi harusi? Sajini atamwita kabla hajafika mlangoni." Rahabu akasema, "Basi labda sote tunuke msitu." Alisema kwa mzaha. Lakini mimi niliinua macho nikaona kibuyu chako ukutani.

Nikawatangazia kina mama kwamba pamoja na majani yao, kila mmoja alete kibuyu chake cha maziwa, hata kama hakina kazi tena. Tutavifukiza kwa heshima yako, Mwalimu wao, ndivyo nilivyosema. Si uongo, Mama. Si uongo kabisa.

Siku ilipofika niliwasha moto nje ya kanisa, karibu sana na mlango, ili asiwepo wa kuingia bila kupita hapo. Sajini alikuwa ameshaketi kwenye kigoda. Nilipofunua kile kipande chako alisimama.

"Mti huu umetoka wapi?"

Nilificha mikono chini ya leso. "Ni wa mama. Ulikuwa kwenye lile sanduku ulilotubebea siku ya kuhama."

Alikichukua akakigeuza. Kilikuwa cheusi, kimelainika kwa mkono wako wa miaka yote ile. Akanirudishia, akaketi.

Kina mama wakaja. Huyu na majani ya limau, huyu na ua la kahawa, mwingine na kipande cha udongo uliolowa, akisema harufu ya nyumbani kwake ni mvua ya kwanza. Kila mmoja nilimtilia makaa kwenye kibuyu, akakitikisa, akafunika mdomo kwa kiganja, akafunua. Moshi ukatuingia kwenye nywele, kwenye nguo. Ciambaka, yule bibi uliyekuwa unamwongoza kanisani kwa fimbo, alilia. Alisema amesikia ng'ombe wake wote kwa mara moja.

Salome hakuwa amefika. Walimchelewesha kwenye zamu ya handaki. Nilimwona anatoka upande wa lango, peke yake, amejifunga lile shuka mpaka shingoni, na Sajini naye akamwona. Akainuka, akaanza kumwendea.

Mama, sikufikiri. Niliita kwa sauti, "Salome! Njoo upesi unishikie kibuyu cha mama, kinaniunguza!" Akakimbia. Akampita Sajini kwa mbali kidogo, akafika kwangu, nami nikamwekea kibuyu chako kifuani makaa yakiwa ndani. Moshi ukamfunika uso wote. Tulikohoa pamoja. Aliponishika mkono vidole vyake vilikuwa baridi kama vyako siku ile.

Sajini akafika. Akaushika upindo wa shuka la Salome, akaupeleka puani. Akakaa nao. Kisha akauacha, akashika leso ya Rahabu, akanusa. Akashika na blanketi la Ciambaka.

"Kijana," Ciambaka akamwambia, "ukimaliza sisi nusa na koti lako. Umekaa kwenye moshi kutushinda."

Rahabu akacheka kwanza, halafu wote. Sajini akajinusa mkono wa koti, nikaona mdomo wake unataka kucheka ukakataa. Akamwomba Salome kile kibuyu. Salome akakitoa kwa mikono miwili, kwa adabu, kama anayemkaribisha mgeni. Sajini akakiinamia, akaingiza pua mdomoni mwa kibuyu. Alipoinua uso macho yalikuwa mekundu, na mimi sitasema ni moshi wala sitasema si moshi.

"Mwalimu alikuwa akinipa maziwa humu," alisema. Kisha akatuamuru tuingie.

Tulisoma yale uliyotaka tusome. Tuliposikia jinsi nyumba ile ilivyojaa harufu, hakuna aliyeinua kichwa, kwa kuwa ya kwetu nayo ilikuwa imejaa. Salome aliketi katikati yetu, bega kwa bega, na usingeweza kumtofautisha na mwingine.

Tulipotoka Sajini alinisubiri pembeni. Alizungumza akitazama handaki. "Dada, huo mti usibaki hata kidogo. Uchome wote leo. Kesho akija mtu mwingine kukagua, hatamjua mama yako." Akatembea kidogo, akageuka. "Na mwambie Salome alilaze shuka lake kwenye moshi wa magunzi usiku kucha."

Kwa hiyo alijua, Mama. Sijui alijua tangu lini.

Ndiyo maana nimekichoma. Nilikaa jikoni nikakitazama kikiisha, na nilitamani kuokoa hata kipande cha ukubwa wa kidole. Sikukiokoa. Jivu nimelitia ndani ya kibuyu chako, nikakifunga kwa kitambaa chako cha kichwa. Nikikifungua bado nakusikia, asubuhi ile ya kawaida, unanikemea nisimwage maziwa.

Kwaheri, Mama wangu. Lala. Siku tutakapopewa njia ya kurudi shambani nitapanda mche wa mti ule kichwani pako, na tukipata ng'ombe, maziwa ya kwanza nitayatia humu. Salome atakunywa kwanza. Halafu mwanawe, kama yupo. Halafu nitampelekea M'Ikiara.

Mwanao,
Kagendo