Mlima Usio na Watu

Jumapili, mwezi wa sita. Bergen, mwaka wa thelathini na nne tangu niondoke Bunda. Mvua haijakatika tangu Alhamisi, na nimekasirishwa na kitabu.

Ni zawadi ya binti yangu. Mwandishi ni mtu wa hapa. Anapanda milima peke yake na kuusifu ukimya. Anajua jina la kila ndege na kila uyoga, lakini nimesoma nusu ya kitabu sijakutana na binadamu. Nimekifunga kwa hasira, nikakifungua tena, maana anaieleza harufu ya jiwe lililonyeshewa kisha likapigwa na jua.

Harufu hiyo naijua. Ni ya mlima Balili.

Mimi na Magesa, tulipokuwa walimu pale Bunda, tulipandaga Jumamosi ili tulione ziwa kutoka juu. Mara nyingi hatukufika, kwa sababu mlima wetu ulikuwa na watu. Asubuhi moja ya ukungu tulikanyaga udaga wa mama mmoja, mihogo aliyoivundika na kuianika juu ya mwamba. Akatutazama viatu.

"Walimu wazima! Kwenu mnakanyagaga chakula?"

Adhabu yetu ikawa kufukuza mbuzi mpaka arudi kutoka kisimani. Magesa akasinzia, mbuzi wakala, tukatukanwa upya. Tangu siku hiyo hatukupita pale bila kukabidhiwa mbuzi kwanza.

Huyu mwandishi angeandika nini hapo? Angelalamikia kelele.

Mchana nikampigia Magesa nimsomee ukurasa mmoja. Bora ningenyamaza.

"Anapandaga peke yake?" akauliza. "Sasa akianguka, nani anamcheka?"

Nilicheka mpaka nikakohoa. Akaona hapo hapo ndipo pa kunibana.

"Sikiliza, mzee mwenzangu. Mjukuu wangu anaoa mwezi wa nane. Anataka kile chumba chako cha uani. Nimemwambia kina mwenyewe. Kina mwenyewe, au hakina?"

"Nipe muda, Magesa."

"Muda gani tena? Mimi na wewe?"

Chumba hicho alinijengea mwenyewe, bila kuombwa. Kitanda kipo, chandarua kipo. Kila mwaka anapaka chokaa.

Inaniudhi kwamba ana haki ya kuuliza. Inaniudhi kwamba niliulizwa nikiwa nimeshika kitabu cha mtu asiyejua hata Bunda iko wapi. Magoti yangu yanagombana na ngazi za nyumba hii. Wajukuu zangu hunisemesha polepole, kana kwamba nimeshuka kwenye ndege jana. Na wale wa mlimani wamekwisha wote, kasoro Magesa, ambaye naye sasa anautazama Balili akiwa kitini.

Ningeweza kwenda tukakaa viti viwili. Ningependa sana. Hilo ndilo linalonikera kuliko yote.

Lakini mke wangu amezikwa huku, kituo kimoja tu cha basi kutoka mlangoni kwangu, na Jumapili ndiyo siku ninayomng'olea magugu. Leo nimekwenda na mwavuli. Nikamaliza, nikasimama pale pale kwenye tope, nikampigia Magesa tena.

Nimemwambia ampe kijana chumba, na kitanda, na chandarua.

Sitarudi Bunda.